Kofia Ilikuwa Nzuri Kwenye Fremu: Kutatua Matatizo ya Kufuma kwa Rangi Mbili

Swali ninaloulizwa kuliko yote, pale barazani kwetu Pasiansi, Mwanza, Jumamosi jioni, huja na kofia mkononi. "Dada, ilikuwa nzuri kabisa kwenye fremu. Nimeivua, tazama ilivyo. Nimekosea wapi?" Kabla sijajibu naigeuza ndani nje. Karibu kila mara kosa liko mgongoni mwa kazi, na halikutokea wakati wa kuvua. Lilikuwapo tangu safu ya pili ya picha, yaani ule mchoro unaofumwa kwa rangi mbili, ila fremu, ile pete yenye vigingi tunayofumia badala ya sindano, ililificha.

Vigingi havisogei. Kitanzi kilichokaa juu ya kigingi kimetanuliwa kwa umbali ule ule wa kigingi kwa kigingi, kiwe kimefumwa vizuri au vibaya, kwa hiyo kazi yote huonekana sawasawa ikiwa bado iko pale. Ukiivua, kitambaa kinarudi kwenye upana wake wa kweli, na kila uzi uliolegea au kukazwa unajitokeza. Anayefuma kwa sindano mbili huona kosa lake baada ya safu tatu au nne. Wewe wa fremu unaliona kofia ikiwa imeisha. Ndiyo maana ninasisitiza kipande cha majaribio: vigingi 12, safu 12, kwa rangi zako zote mbili. Kivue, kiache kilale usiku mmoja, kitazame mbele na nyuma, ndipo uanze kofia. Usikitupe wala kukifumua, tutakihitaji tena mbele.

Tukubaliane maneno machache, maana kila anayefundisha ana yake. Kuviringa ni kuzungusha uzi kigingi kizima mpaka upishane nyuma yake, kisha kuvusha kitanzi cha chini kwa kulabu. Wengi wetu tulianza hivyo. Kukumbatisha ni kupitisha uzi mbele ya kigingi na kuurudisha ndani kwa pande zote mbili, kama herufi U, bila kupishana. Kulaza ni kuunyoosha tu uzi mbele ya kigingi, juu ya kitanzi, na kuvusha. Kuviringa hutoa kitanzi kirefu kilicholegea na kujisokota. Kulaza hutoa kitanzi kidogo kinachobana kigingi. Kukumbatisha ni katikati, na kwa kazi ya picha mimi situmii kingine. Uzi wa mgongoni ni ule wa rangi inayosubiri, unaopita ndani ya fremu wakati rangi nyingine inafumwa.

Ndani kuna nyuzi zinazoning'inia

Ulipokuwa unafuma mgongo ulikuwa safi, nyuzi zimenyooka. Sasa umevua na zinaning'inia kama kamba za nguo zilizolegea.

Fremu yangu kubwa ina vigingi 36, na kutoka kigingi hadi kigingi ni karibu sentimeta 1.9. Rangi nyeupe ikisubiri wakati vigingi 5 vinafumwa kwa bluu, uzi wake wa mgongoni unakuwa na urefu wa karibu sentimeta 11. Kitambaa kikivuliwa, eneo hilo hilo kwa uzi wangu linanywea hadi sentimeta 7 na nusu. Zile sentimeta 3 na nusu zilizobaki hazina pa kwenda, zinatoka kama tanzi. Hukukosea mkono. Uzi ulipimwa kwa kitambaa kilichotanuliwa, ukabaki hivyo.

Kwa begi lenye bitana hili si tatizo. Kwa mtoto mchanga ni tatizo kubwa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Watu wengi huku wanajifunza kufuma kwa sababu kuna mtoto anakuja, wanataka kofia, glavu na soksi za kumkinga na upepo wa ziwa usiku. Uzi uliolegea ndani ya soksi au glavu unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu isipite, naye hawezi kusema zaidi ya kulia. Soksi na glavu za mtoto zifume kwa rangi moja au kwa milia. Picha iweke kwenye kofia, na kofia hiyo itie bitana ya kitambaa laini cha fulana.

Dawa ya tatizo lenyewe ni kuushika uzi njiani. Kila baada ya vigingi 3, kabla hujaukumbatisha uzi unaofanya kazi, upitishe kwanza chini ya ule unaosubiri, kisha endelea. Unaosubiri unabanwa hapo bila kuonekana mbele. Safu inayofuata usishikie kwenye kigingi kile kile, sogea kimoja au viwili. Ukishikia mahali pamoja safu baada ya safu, upande wa mbele utaona mstari wa vidoa vya rangi nyingine unapanda kama ufa ukutani, na huo haufutiki.

Kama kazi imeshaisha, chukua sindano butu na uzi mwembamba, ushone kila tanzi mgongoni kwa kugusa nusu ya kitanzi tu. Inachukua jioni nzima kwa kofia moja, lakini inafaa.

Penye picha pamebana, kofia haiingii kichwani

Hili ndilo linalowavunja watu moyo kuliko yote, na lina sababu tatu zinazofanana ukiziangalia kwa mbele. Pambanua hivi: shika kitambaa kwa mikono miwili sehemu isiyo na picha, vuta, uone kinafika wapi. Fanya vivyo hivyo penye picha. Kisha, ukiwa bado umekivuta, tazama nyuma.

Nyuzi za mgongoni zikiwa bado zimelegea lakini kitambaa hakiendelei, basi si zenyewe zinazozuia. Umebadili namna ya kufuma bila kujua. Ulianza kofia kwa kuviringa, ulipofika kwenye picha mkono ukahamia kulaza kwa sababu ni rahisi ukiwa na nyuzi mbili. Vitanzi vya kuviringa vina uzi mwingi, vya kulaza vina uzi kidogo, kofia moja ikawa na vitambaa viwili. Amua namna moja tangu ukingo wa chini hadi juu.

Nyuzi za mgongoni zikiwa zimekaza kama nyuzi za zeze, tazama zinaruka vigingi vingapi. Fremu ya duara ina ujanja wake hapa. Vigingi vimekaa kwenye mviringo, lakini uzi unaopita ndani haufuati mviringo, unakata njia ya mkato. Ukiruka vigingi vichache, tofauti ni milimita chache na haidhuru. Kwenye fremu yangu ya vigingi 36, uzi ukiruka vigingi 11 kwa mkupuo mmoja, njia ya mviringo ni karibu sentimeta 23 na ya mkato ni 19. Zimekosekana sentimeta 4, na kofia haiwezi kutanuka zaidi ya uzi huo. Kushika uzi kila vigingi 3 kunatibu na hili pia, kwa sababu kila unaposhikwa unalazimika kurudi kwenye mviringo.

Sababu ya tatu ni mkono wenyewe. Mtu anaona matanzi ya mgongoni, anachukia, anaanza kuvuta uzi kila akibadili rangi. Vigingi vya plastiki vinainamia ndani, vitanzi vinakuwa vigumu hata kulabu haiingii. Siku moja kule Kirumba, karibu na mwalo, nilimkuta mzee mmoja anatengeneza wavu barazani kwake. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaniitikia, akaniona nina fremu mkobani, akataka kuiona. Akapitisha kidole gumba kwenye safu zangu zilizobana. "Mjukuu wangu, wewe unapima kwa macho," akasema, akanionyesha kibao chake kidogo cha mbao, anachokizungushia uzi kabla ya kufunga kila fundo ili macho yote ya wavu yawe na ukubwa mmoja. Jicho moja likiwa dogo, akasema, linawavuta jirani zake wote. Tangu siku hiyo, nikibadili rangi naweka ncha ya kidole cha kati kati ya uzi wa mgongoni na vigingi, nakumbatisha kigingi cha kwanza, ndipo nakitoa kidole. Kidole changu ndicho kibao changu.

Kofia iliyokwisha kubana haitanuliwi kwa kufua wala kwa kuvaa. Ifumue hadi mwanzo wa picha. Kwa kazi ijayo, kabla ya kuanza picha pitisha uzi mwembamba wa rangi tofauti kwa sindano ndani ya kila kitanzi kikiwa bado kigingini, uuache hapo. Ukilazimika kufumua, utasimama kwenye uzi huo, na kuvirudisha vitanzi 36 kwenye vigingi ni kazi ya dakika chache badala ya machozi.

Picha ipo lakini haionekani

Ukiwa karibu unaiona, ukirudi hatua tano imepotea. Anza na rangi zenyewe. Bluu ya ziwa na kijani cha magugumaji zinatofautiana sana kwa jina, lakini zinaweza kuwa na kiwango kimoja cha giza, na jicho kwa mbali husoma giza na mwanga kabla ya rangi. Ukienda mjini kununua uzi, tuseme Makoroboi, usichague chini ya taa ya duka. Toa vibonge viwili nje kwenye jua, vipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Vikionekana kijivu kile kile, rudisha kimoja. Pima unene pia kwa kuvisokota pamoja kati ya vidole. Uzi mmoja ukiwa mwembamba kuliko mwenzake, picha yake itazama hata kama rangi inang'aa.

Rangi zikiwa zinatofautiana vizuri lakini picha bado ni hafifu, angalia mpangilio wa nyuzi ndani ya fremu. Kati ya nyuzi mbili zinazopita mgongoni, ule unaopita chini, upande wa safu za zamani, hutoa vitanzi vinavyojitokeza kidogo zaidi mbele. Huu uwe uzi wa picha. Wa usuli, yaani wa eneo linaloizunguka picha, upite juu. Chagua mwanzoni na usibadilishe, kwa sababu ukibadilisha katikati, nusu ya picha itakuwa imekolea na nusu imefifia, na hutajua kwa nini.

Mara nyingine picha imekaa vizuri ila ina ukungu, rangi moja inachungulia kati ya vitanzi vya nyingine. Hapo uzi ni mwembamba kwa fremu yako. Vigingi vilivyoachana karibu sentimeta 2 vinataka uzi mnene. Uzi wa kawaida wa sweta za shule ufume ukiwa na nyuzi mbili pamoja, hata tatu. Kuviringa nako kunaleta ukungu huu, kwa vile kila kitanzi kimejisokota na ukingo wa picha hauwi safi.

Herufi zimegeuka, au samaki amebanwa

Nilimsaidia binti mmoja aliyefuma begi lenye neno MWANZA. Lilitoka likianzia mwisho, A mbele na M nyuma. A, M na W hazikuonyesha kosa kwa sababu zinafanana pande zote mbili, ila N na Z zilikuwa kama zinatazamwa kwenye kioo. Alikuwa anazunguka fremu upande mmoja na kusoma mchoro upande mwingine.

Upande wa mbele wa kitambaa cha fremu unatazama nje, kukuelekea wewe. Ukizunguka kama mishale ya saa, upande ulio karibu na tumbo lako unafuma kutoka kulia kwenda kushoto, basi soma mchoro kutoka kulia kwenda kushoto. Ukizunguka kinyume cha saa, soma kutoka kushoto. Kwa vyovyote safu ya kwanza ni ya chini kabisa ya mchoro, kwa sababu kitambaa kinashuka katikati ya fremu na cha kwanza kufumwa ndicho cha chini. Aliyeanzia juu ya mchoro atapata W mahali pa M.

Kubanwa kwa picha ni hesabu. Watu wanachora sato kwenye daftari la miraba, miraba 12 kwa 12, wakitegemea sato wa mraba. Lakini kitanzi si mraba, ni kipana kuliko kilivyo kirefu. Kwenye kipande changu cha majaribio vigingi 8 vilitoa sentimeta 10, na sentimeta 10 za kwenda juu zilihitaji safu 12. Kwa hiyo sato yule anatoka na upana wa sentimeta 15 na kimo cha 10, amelala kama amekanyagwa. Kwa vipimo hivyo, kila miraba 2 ya upana inataka safu 3 za kimo: ili apate umbo lake, vigingi 12 viende na safu 18. Vipimo vyako vitakuwa tofauti na vyangu. Pima kipande chako kwa rula, gawanya, ndipo uchore.

Milia inaruka ngazi pale safu inapoanzia

Huwezi kuzuia hili kwa mkono mwepesi, kwani kufuma kwa duara ni kupanda kama ngazi za mzunguko; mwisho wa safu uko juu ya mwanzo wake. Fuma safu ya kwanza ya rangi mpya kama kawaida. Unapoanza ya pili, kigingi cha kwanza usikifume. Pitisha uzi nyuma yake, fuma vilivyobaki vyote. Kitanzi hicho kitajivuta juu na kuziba ngazi.

Kuna tundu pale rangi mbili zinapokutana

Hii ni kazi bapa, ya kwenda na kurudi, ambapo kila rangi ina eneo lake na kibonge chake. Mawe ya Bismarck ya ziwani hapa Mwanza, kwa mfano, kijivu katikati na bluu pande zote mbili: vibonge vitatu. Tundu linatokea kwa sababu nyuzi hazikushikana mpakani. Ukifika mpakani, laza uzi uliomaliza juu ya ule unaoanza, kisha uchukue mpya kutoka chini yake. Fanya hivyo kila safu, kwenda na kurudi. Kitanzi cha kwanza cha rangi mpya hulegea daima, kaze baada ya kufuma cha pili na si kabla. Usijaribu njia hii kwa duara. Safu ikiisha, uzi wa kijivu utakuwa umebaki mwisho wa eneo lake wakati wewe unauhitaji mwanzoni.

Anayeanza, na anaona nyuzi mbili kwa safu moja ni nyingi, aanze na picha za kuruka vigingi: safu mbili za rangi moja, safu mbili za nyingine, na baadhi ya vigingi vinaachwa bila kufumwa, uzi ukipita nyuma yake. Unashika uzi mmoja tu kwa wakati mmoja, lakini kitambaa kinaonekana kama cha fundi wa siku nyingi. Ninasikitika kwamba hufundishwa mwisho. Mimi ninaifundisha kwanza.

Uzi unakwama, una madoa ya kahawia

Fremu nyingi huku zimetengenezwa na seremala, pete ya mbao na misumari. Ni nzuri na imara, nami ninayo moja ninayoipenda kuliko ya plastiki. Hitilafu zake ni mbili. Vichwa vya misumari vina kingo kali zinazochana uzi, hasa rangi inayosubiri na kusuguliwa kila safu: piga msasa kila kichwa mpaka pamba haikwami ukiipitisha. Na misumari inapata kutu kwenye unyevu wa ziwa, kutu inaingia kwenye uzi mweupe. Pata misumari isiyoshika kutu, au paka iliyopo vanishi mara mbili na uache ikauke kabisa siku kadhaa. Mwambie seremala apime nafasi kwa rula, si kwa kukadiria. Nafasi moja ikiwa pana, itatoa ngazi iliyo wazi tangu chini hadi juu, na utailaumu rangi bure.

Nyekundu imeingia kwenye nyeupe

Sasa kitoe kile kipande cha majaribio. Kiloweke maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa nusu saa, kisha kikunjie ndani ya kitambaa cheupe kilicholowa, kikandamize, uache. Kitambaa kikipata waridi, uzi huo unatoa rangi, na umelijua hilo kwa kipande kidogo badala ya kofia nzima. Uzi wa akriliki mara chache hutoa rangi. Wa pamba, hasa nyekundu na bluu iliyoiva, unahitaji kuuangalia.

Wengi watakuambia utie siki au chumvi ili rangi ishike. Siki husaidia baadhi ya rangi za sufu. Rangi ya pamba haishikwi na siki, wala chumvi haitaizuia isitoke tena ukifua mara ya pili. Loweka uzi ukiwa bado mafungu, kabla ya kufuma, ubadilishe maji mpaka yatoke meupe. Yasipotakata baada ya mara nyingi, utumie uzi huo kwa kitu cha rangi moja.

Kama kofia imeshachuja, usiianike. Ikiwa bado imelowa, irudishe mara moja kwenye maji mengi ya baridi yenye sabuni, isuuze, rudia, badilisha maji kila yanapopata rangi. Doa likikauka juani ni gumu sana kutoka. Likitoka, kamua kofia kwa kuibana ndani ya taulo bila kuisokota, ilaze bapa kivulini, nyoosha picha kwa vidole mpaka vitanzi vikae sawa, uiache hapo ikauke. Pasi ya moto usiisogeze kwenye akriliki hata kidogo. Vitanzi hulala na havisimami tena.